Barua kwa mwanangu: kiwanda cha bepari, usukani wa chama

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara mbili. Unauliza inawezekanaje chama cha kikomunisti, kilichotwaa madaraka kwa ahadi ya kukomesha unyonyaji na kuziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, kije kuwaruhusu raia wake wamiliki viwanda na kuwakaribisha mabepari wa nje walete mitaji yao. Kisha unauliza kama huo si unafiki mtupu. Unafiki haukosekani katika siasa, lakini mimi naona jibu liko kwingine. Kwa chama cha namna hiyo, kumiliki mali ni jambo moja na kushika dola ni jambo jingine, na aliyeishika dola barabara anaweza kumwachia mwenye mtaji kiwanda bila kumwachia usukani.

Kilichowasukuma kwanza kilikuwa njaa, wala si nadharia. Mwishoni mwa mwaka 1978, katika kijiji cha Xiaogang, jimbo la Anhui nchini China, wakulima 18 walikutana kwa siri wakaandikiana mkataba wa kugawana mashamba ya pamoja: kila kaya ilime sehemu yake, iipe serikali kiasi ilichopangiwa, na kitakachobaki kiwe chake. Waliitia karatasi hiyo alama za vidole, na ndani yake waliahidi kwamba kiongozi wao akipatwa na la kumpata, wenzake watawalea watoto wake mpaka watimize miaka 18. Hebu wafikirie watu wanaopanga malezi ya mayatima ili tu wapate kulima watakavyo. Mavuno yaliongezeka, wakubwa wa jimbo wakafumba macho, na miaka michache baadaye utaratibu wa kaya kulima kwa mkataba ukaenea nchi nzima, ingawa ardhi ya vijijini imebaki kuwa mali ya pamoja hadi leo.

Wachina hawakuwa wa kwanza. Machi 1921, mabaharia wa Kronstadt, ngome ya jeshi la majini la Urusi, walipoasi na wakulima wa Urusi walipochoka kunyang'anywa nafaka, Lenin, kiongozi wa serikali ya kikomunisti huko, aliweka kodi badala ya unyang'anyi, akaruhusu ziada iuzwe sokoni, akaviachia viwanda vidogo na biashara ndogo mikononi mwa watu binafsi, na hata wageni wenye mitaji akawafungulia mlango. Benki, viwanda vikubwa, reli na biashara ya nje vilibaki serikalini. Hakuficha kwamba alikuwa anarudi nyuma. Kabla miaka 10 haijaisha, Stalin, aliyeshika madaraka baada yake, akaufuta mpango huo, na wale waliokuwa wamefungua maduka kwa ruhusa ya serikali wakajikuta ni maadui wa serikali ile ile.

Nadharia nayo iliacha nafasi. Marx, mwanafikra ambaye vyama hivi hufuata mafundisho yake, alitarajia ujamaa uzaliwe pale ambapo ubepari umekwisha kujenga viwanda, lakini mapinduzi yalitokea katika nchi za wakulima ambazo hazikuwa na cha kutaifisha zaidi ya mashamba na umaskini. Kwa hiyo mwaka 1987 Chama cha Kikomunisti cha China kilitangaza rasmi kwamba nchi bado imo katika hatua ya awali ya ujamaa, ambamo mtaji binafsi una kazi ya kufanya. Ni maelezo ya kufaa sana, nami siachi kutabasamu nikikumbuka kwamba yalitolewa viwanda vikiwa vimekwisha kufunguliwa.

Sasa kuhusu wageni. Mkulima akiachiwa shamba atajaza ghala, lakini hawezi kuunda mashine wala kujua soko la ng'ambo linataka nini. Serikali ingeweza kukopa, ila mkopo hulipwa hata kiwanda kikifa, ilhali mwekezaji hubeba hasara yake mwenyewe na huja na mafundi wake. Sheria ya ubia ambayo China iliitunga Julai 1979 inafaa kusomwa polepole. Ungedhani ingeweka kikomo cha juu cha hisa za mgeni. Badala yake ilisema zisipungue, kwa kawaida, asilimia 25, kwani walitaka aweke fedha za kutosha hata aumie kiwanda kikianguka. Lakini mwenyekiti wa bodi alipaswa kutoka upande wa China, na sharti hilo halikuondolewa hadi 1990. Shenzhen, mkabala na Hong Kong, ilipofanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, jaribio lilifanyika penye mipaka, kwani baadaye ulijengwa uzio kulitenga na sehemu nyingine za China, na raia wa kutoka nje ya eneo hilo alihitaji kibali kuingia. Huko huko, tarehe 1 Desemba 1987, haki ya kutumia kiwanja kwa miaka 50 ilipigwa mnada hadharani wakati katiba ingali inakataza. Katiba ikarekebishwa Aprili 1988. Aliyeshinda mnada alinunua miaka, hakununua udongo.

Vietnam ilipita njia hiyo hiyo kuanzia Desemba 1986, bei zikiwa zinapanda kupita kiasi, na sheria yake ya uwekezaji ya 1987 ilikubali hata kampuni ya mgeni kwa asilimia 100. Ardhi huko nayo ni ya wananchi wote, chini ya usimamizi wa dola.

Ninapokubaliana nawe ni juu ya wafanyakazi. Nchini China, chama kinachojiita chao kimemletea mwajiri nguvukazi isiyoruhusiwa kuunda chama cha wafanyakazi nje ya shirikisho rasmi, na hilo sioni nadharia inayoweza kulitetea.

Umeuliza pia kama mwenye mali yuko salama. Katiba ya China inasema tangu 2004 kwamba mali halali ya mtu binafsi haiguswi. Hata hivyo, Novemba 2020, siku mbili kabla ya hisa za Ant Group, kampuni ya China ya huduma za fedha mtandaoni, kuanza kuuzwa katika masoko ya Shanghai na Hong Kong, mauzo yalisimamishwa. Wanunuzi waliokuwa wamekwisha kulipa walirudishiwa fedha zao, na kampuni ikapewa masharti mapya ya kufuata.

Ni mimi,
Baba yako