Kijana wangu hatoki chumbani sababu ya gemu, dini inasemaje?

SWALI: Assalaam aleikum sheikh. Naishi Manyatta hapa Kisumu. Kijana wangu wa miaka 15 tangu shule zifungwe ni Free Fire tu asubuhi mpaka usiku, chakula anabeba anaenda kulia chumbani, wageni wakija hasalimii, na swala ni mbio mbio ama haswali kabisa. Babake anataka kuivunja hiyo simu. Je, gemu ni haramu?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah dadangu. Kwanza mwambie mzee aiache hiyo simu. Akiivunja kijana atacheza kwa simu ya rafikiye, huko msipomuona.

Mchezo kwa asili yake si haramu. Mtume (s.a.w) aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini kwake, akasimama akimsitiri Bi Aisha aangalie mpaka achoke mwenyewe. Haramu inaingia na kile mchezo unachobeba. Ukila swala, hapo hakuna mjadala. Na akinunua yale masanduku ya bahati, unalipa na hujui utapata nini, mimi naona hiyo inakaribia sana kamari na Suratul Maida aya ya 90 iko wazi, kwa hivyo angalia M-Pesa yako vizuri mama.

Lakini neno lililonishika kwa swali lako ni hilo la sahani kwenda chumbani. Maswahaba walimwambia Mtume, tunakula na hatushibi. Akawauliza, huenda mnakula kila mtu kivyake? Wakasema ndio. Akawaambia wajumuike kwa chakula chao na wataje jina la Allah, watabarikiwa. Hii iko kwa kitabu cha hadithi cha Abu Daud. Sasa nikuulize na usikasirike, kabla kijana aanze kubeba sahani, hapo nyumbani mlikuwa mnakula pamoja? Maana nyumba nyingi ninazoingia hapa mjini baba anarudi saa tatu usiku anakula huku anaangalia simu yake, mama ametoka sokoni Kibuye miguu inamuuma, mtoto anapakuliwa peke yake kila siku, halafu tunashangaa akipata kikosi cha watu wanne huko kwa gemu wanaomngoja kila usiku na wanamuulizia asipoingia. Hapo inaniuma sana wallahi, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa anataka kwetu.

Sisemi hakuna ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeweka uraibu wa gemu kwa orodha yake ya magonjwa, ile iliyoanza kutumika 2022, na wanaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia kila kitu, na anaendelea hata akiona inamharibia, kwa kawaida kwa miezi 12 hivi. Wako ni likizo moja, usimbandike jina hilo bado. Lakini kama hata wakati wa shule alikuwa hivi, halali, haongei, marafiki amewaacha, mpeleke hospitali aonane na mshauri, saa zingine ni huzuni imemfungia huko na gemu ni pazia tu.

Kwa sasa, babake aingie chumbani akae kando yake, amwambie nifundishe hii kitu, na asimseme siku hiyo. Anas alimtumikia Mtume miaka kumi na hakuwahi kuambiwa hata "uff", neno la kuchoshwa na mtu. Luqman naye, yule mzee wa hekima kwa Qur'ani, kabla hajamuamrisha mwanawe swala alimuita kwanza, ewe mwanangu. Baada ya maghrib tandikeni mkeka, ugali na omena kwa sinia moja, simu zote juu ya kabati, ya baba ikiwa ya kwanza. Siku za mwanzo atakula haraka na kuinuka, mwacheni ainuke, kesho muiteni tena.

Na Jumamosi baada ya asr vijana wetu wa msikiti wanacheza boli. Aje na babake, asitumwe peke yake, mimi nitakuwepo inshallah.