Thamani ya mkanda iko kwa anayeukosa

Kwa miaka minne sasa mimi ndiye mtunzi wa visa vya mieleka katika kundi letu la WhatsApp. Tuko kumi na wawili. Kila mmoja ana wanamieleka wake wa kubuni, nami napanga nani akutane na nani, na mkanda wa ubingwa uende kwa nani. Msimu wa kwanza nilianzisha mikanda sita kwa wanamieleka ishirini, na nilikuwa nikivua mabingwa karibu kila wiki mbili kwa kuamini kwamba mshtuko ndio utamu. Siku moja mwenzetu akauliza, "Jamani, bingwa wetu wa dunia sasa hivi ni nani?" Wakajibu watu watatu, majina matatu tofauti. Iliniuma, maana nilikuwa nakesha nikiandika.

Nikakaa kujiuliza ni mkanda upi uliowahi kunitoa machozi mimi mwenyewe. Jibu halikunichukua muda: Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, WrestleMania 35, onyesho kubwa la mwaka la WWE, Aprili 7, 2019. Alikuwa ameitumikia WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani ambako matokeo hupangwa na watunzi, miaka kumi na moja, na wiki chache kabla ya pambano kila alipotimiza sharti alibandikiwa jingine. Alipomshinda bingwa Daniel Bryan na wanawe wakaingia ulingoni, nililia kwa ile miaka kumi na moja. Dhahabu ile ile ya mkanda ilikuwa imeshavaliwa na wengi ambao hata siwakumbuki.

Ndipo nilipobadilisha namna ninavyoandika. Sasa kabla ya kumwandika bingwa namwandika anayeutaka mkanda: anautakia nini, ameukosa mara ngapi, na nyumbani kwao nani anamsubiri nao. Mtazame Cody Rhodes, mwanamieleka wa WWE. Baba yake, Dusty Rhodes, alimshinda bingwa Superstar Billy Graham pale Madison Square Garden, New York, mwaka 1977, lakini kwa Graham kuhesabiwa akiwa nje ya ulingo, na kwa kanuni ushindi wa namna hiyo hauhamishi mkanda. Mtoto aliporudi WWE mwaka 2022 alisimulia kisa hicho mbele ya watu. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini Cody anautaka. Hata aliposhindwa na bingwa Roman Reigns mwaka 2023 thamani ya mkanda ilizidi kupanda, na alipomvua mwaka uliofuata, baada ya Reigns kutawala siku 1,316, watu walikuwa wamechoka kusubiri pamoja naye.

Nasisitiza hapa, kwa sababu watunzi wengi huona urefu wa utawala peke yake unatosha. Hautoshi. Gunther alishika ubingwa wa Intercontinental siku 666, ila mimi utawala ule naukumbuka kwa Sheamus, mtu aliyekuwa ameshatwaa karibu kila mkanda mkubwa isipokuwa huo. Septemba 2022, Cardiff, Wales, walipigana vifua mpaka vikawa vyekundu. Sheamus akashindwa, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Mkanda ulioonekana wa pili kwa hadhi ukawa kitu ambacho mtu mzima anaweza kukivunjikia moyo.

Kuhusu idadi ya mikanda sina maneno mengi: punguza. Mimi nilibakiza miwili. Waliokuwa na ile mingine walilalamika mwezi mzima, kisha wakaanza kuigombania iliyobaki.

Jambo la mwisho, ambalo naona linasahaulika hata na wakubwa, ni siku ya kupoteza. Bruno Sammartino, bingwa wa zama hizo, alipovuliwa na Ivan Koloff mwaka 1971, baada ya zaidi ya miaka saba na nusu, ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba Bruno alidhani masikio yake yameharibika. Ukimya ule ulikuwa msiba, na waliuacha uwe msiba. Kofi hakupewa nafasi hiyo. Oktoba 2019 Brock Lesnar alimmaliza kwa sekunde zisizofika kumi, na Novemba Kofi tayari alikuwa akishangilia mkanda wa timu, kana kwamba hakikuwahi kutokea kitu. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, kwa sababu walichokifanya watunzi wa WWE ni kuwaambia waliolia Aprili kwamba walilia bure.

Kwa hiyo katika kundi letu bingwa akivuliwa, nampa wiki tatu zake. Msimu uliopita mwanamieleka wetu mkongwe alipoteza mkanda alioutetea mara tisa. Wiki ya kwanza sikumpa pambano lolote. Niliandika tu kwamba alifika ukumbini mapema, akafungua begi kutoa viatu, mkono ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa pembeni alimozoea kuuweka. Mwenye mhusika yule alinipigia simu usiku huohuo kuniuliza lini atapewa nafasi ya kuugombania tena.