Mama Hataki Kuhamia Mjini

SWALI: Mimi ni binti, kitinda mimba katika familia yetu, na ninaishi Mbagala, Dar es Salaam. Mama yetu ana umri wa miaka 76, anaishi peke yake Muheza tangu baba alipofariki, na anatumia dawa za presha. Mwezi uliopita alianguka usiku akielekea choo cha uani, akabaki pale chini hadi alfajiri, jirani aliyekuwa akienda msikitini alipomsikia akiita. Hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo anaogopa kutembea, anashinda amekaa. Kaka zangu wameamua ahamie kwangu. Yeye amekataa katakata, anasema Muheza atatoka akiwa amebebwa. Je, tumlazimishe?

JIBU: Pole sana, mwanangu, na umfikishie mama salamu zangu. Nimewauguza wazee kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba msimlazimishe, ila msimwache pia katika hali ile ile iliyomwangusha.

Kabla ya kuzungumzia kuhama, tafuteni kwanza sababu ya kuanguka. Mwulize mama taratibu, bila kumhoji kama polisi: aliteleza, alijikwaa, au aliinuka kitandani akaona giza machoni? Kama ni hilo la mwisho, dawa zake zinahusika pengine, kwa sababu baadhi ya dawa za presha huifanya damu ichelewe kupanda kichwani mtu anapoinuka ghafla, na zile zinazokojoesha humwamsha usiku mara kwa mara. Mpelekeni kituo cha afya na dawa zote anazomeza zikiwa katika mfuko mmoja, zikiwemo za maumivu alizonunua dukani, maana diklofenaki, ambayo wazee wengi huimeza kwa ajili ya magoti, inaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Ombeni apimwe presha akiwa amelala, kisha apimwe tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari atakuwa na jambo la kurekebisha. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Wakati huohuo aangaliwe macho, kwa kuwa mtoto wa jicho huja polepole mno hata mwenyewe asitambue kwamba haoni tena kizingiti, na upasuaji wake ni mfupi.

Kisha nenda Muheza, ulale huko siku mbili, na usiku upite njia anayopita yeye, kutoka kitandani hadi chooni, bila kuwasha taa. Niliwahi kufanya hivyo kwa mama mmoja niliyekuwa nikimhudumia, na katika hatua zisizofika 30 nilikuta mkeka uliojikunja pembe, ndoo katikati ya ukumbi, kamba ya kuanikia iliyolegea hadi usawa wa shingo, na saruji ya uani iliyoota ukoga wa kijani. Kandambili zake zilikuwa zimelika kisigino hadi zikawa laini kama sabuni. Hakuna kati ya hayo lililohitaji fedha nyingi. Saruji ilisuguliwa kwa brashi, fundi akakaza bomba la chuma ukutani chooni la kushikilia, taa ndogo ya sola ikafungwa uani, na mama akanunuliwa viatu vya mpira vyenye kushika kisigino. Mshauri mama pia asitembee usiku kanga ikiburuza, na awe na poti chumbani. Wengine huona haya juu ya hilo la poti, lakini ni afadhali kuliko baridi ya usiku kucha sakafuni.

Woga wake wa kutembea ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mzee anayekaa kwa kuogopa kuanguka hupoteza nguvu za mapaja, na mapaja yakilegea ataanguka kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na kusimama imara angalau siku tatu kwa wiki. Aanze kwa kuinuka kitini na kukaa tena mara tano, akifika mara kumi ashukuru Mungu, halafu asimame ameshika meza na kuinua mguu mmoja kwa muda mfupi, mtu akiwa karibu.

Sasa kuhusu kuhama. Fikiria siku yake Mbagala: wewe unatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, unarudi saa mbili usiku, naye yumo ndani na televisheni, hajui jirani hata mmoja. Muheza anaitwa kwenye maulidi, anakwenda kupika kwenye misiba, ana wenzake wa kikoba, na watoto wa mtaa humwamkia apitapo. Upweke unaua wazee, nami nimewaona waliohamishwa kwa nia njema wakanyamaza, wakaacha kula. Kwa hiyo ulindeni huo mzunguko wake. Jirani mmoja awe na ufunguo wa akiba. Dirisha la mbele lisipofunguliwa hadi saa moja asubuhi, aje kugonga. Mjukuu au binti wa ndugu alale naye, mama avae filimbi shingoni usiku, nanyi watoto mgawane siku za kupiga simu, si kuuliza presha tu bali kumwomba ushauri.

Akianguka tena, asivutwe juu kwa haraka. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, au akiwa amegonga kichwa kisha akatapika au akasinzia, ni hospitali saa hiyohiyo. Na siku atakapoanza kusahau jiko linawaka au kupotea njia ya sokoni, suala la kuishi peke yake litakuwa limekwisha, na hapo mzigo usiwe wako pekee kwa sababu wewe ni binti.

SWALI: Nina miaka 69, mwalimu mstaafu, Morogoro. Mtu alinipigia akijidai wakala, nikampa namba ya siri, akachukua akiba yangu yote ya kwenye simu. Naona aibu kuwaambia watoto. Nifanye nini?

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Piga simu leo kwa mtandao wako wafunge akaunti, badilisha namba ya siri, tuma namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha ukatoe taarifa polisi. Halafu mwite mwanao mmoja, umwambie kabla jua halijazama. Matapeli hao huwarudia watu waliokaa kimya, wakijifanya safari hii wanarudisha fedha zilizoibwa.