Kabla hujajiuzulu kwa sababu ya wakuu wako

Ndugu yangu, umeeleza kwamba uko katika ofisi ya Nairobi ya kampuni ya kigeni inayobuni chipu (vipande vidogo vya elektroniki vinavyoendesha kompyuta na simu), kwamba mauzo yanashuka huku wakuu wakibadilisha mkakati kila mara, na kwamba unafikiria kuacha kazi. Uchungu wako una msingi. Chipu mpya huchukua miaka kadhaa kutoka kwenye usanifu hadi sokoni, kwa hivyo uongozi unaogeuza mwelekeo kila baada ya miezi michache huua kazi kabla haijakomaa. Hata Intel, kampuni kubwa ya chipu ya Marekani, ilitangaza mwezi wa Agosti 2024 kwamba ingepunguza zaidi ya asilimia 15 ya wafanyakazi, na Desemba mwaka huohuo mkurugenzi wake mkuu, Pat Gelsinger, akaondoka kabla mpango wake haujazaa matunda.

Usiandike malalamiko kuhusu watu. Mwandikie meneja wako ukurasa mmoja tu, ukionyesha mradi uliositishwa, kazi iliyopotea, na uamuzi unaohitajika sasa ili mradi uliobaki usikwame.

Nakusihi usijiuzulu kwa hasira. Ikiwa mwajiri wako kimkataba ni tawi la hapa, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka, akipunguza wafanyakazi, atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, amjulishe afisa wa leba, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Anayejiuzulu mwenyewe hana dai hilo. Weka nakala za mkataba na hati za mshahara nyumbani, ila usiguse michoro ya kampuni.