Huyu Lash wa Nigeria alikuwa nani?

SWALI: Jambo sana ba ndugu wa gazeti. Miye ni mama wa batoto bane, tunaikala Katuba. Mutoto wangu wa pili iko na miaka 16, daftari yake yote imejaa bichwa bya bantu, depite mwenye tumbo kubwa, polisi wa rulaji, wa barabarani, mkono wazi anangojea franka, mpaka prefe wa masomo yake alimuchora na masikio kama ya sungura, bakamufukuza siku tatu. Baba yake anasema kuchora si kazi, ni mambo ya bavivu. Mjomba wake njo alituambia zamani kulikuwa mtu wa Nigeria alikuwaga anachora vile vile mu gazeti, tena alikuwa na tablo za kweli za kupaka rangi. Ni nani huyo? Kazi ile ilimulisha ao ilimuponza? – Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, huyo mjomba hakudanganya, naona alikuwa anaongea juu ya Akinola Lasekan, mwenye basomaji ba Lagos balimujua kwa jina moja fupi tu, Lash, njo alikuwa anaandika chini ya vikatuni vyake.

Alizaliwa 1916 kule Owo, mji wa Wayoruba kusini-magharibi ya Nigeria. Wakati ule kijana mweusi wa kule hakuwa na shule ya sanaa ya kwenda, basi Lasekan alijifunza kwa posta, masomo yanatoka Uingereza ndani ya bahasha, anachora, anatuma, anangoja. Hebu fikiria mama, mutoto wako leo anachora na kesho anauliza nani ameona, huyu alikuwa anangoja meli!

1944 akaingia West African Pilot, gazeti lenye mwanapolitiki Nnamdi Azikiwe, mwenye bantu banamuitaga Zik, alilianzisha Lagos 1937 kwa kupiga utawala wa Waingereza kalamu kila siku. Lash njo anahesabiwa kuwa mchoraji wa kwanza wa vikatuni vya politiki mu Nigeria. Mwaka uliofuata, 1945, wafanyakazi wa serikali wakafanya grevi kubwa nchi nzima, reli ikasimama, Pilot ikasimama upande wa wafanyakazi na mu Julai serikali ya Waingereza ikaifunga. Basi jibu kwa hii ya kuponza: kazi ile ilikuwa na hatari ya kweli, lakini Lash aliendelea miaka na miaka, na Nigeria ilipopata uhuru 1 Oktoba 1960 mkono wake ulikuwa ungali unachora.

Nikuonyeshe kitu mutoto wako ajaribu. Magazeti ya siku zile, mchoro ulipitishwa juu ya bati la zinki, asidi inakula mahali hapana wino, na bati lile linajua mbili tu, nyeusi na nyeupe, kivuli cha kijivu halishiki. Ukitaka shavu la gavana lionekane limevimba unapiga vistari, kimoja karibu na kimoja, vinabanana kwenye giza na vinaachana kwenye mwangaza. Na mtu ambaye hasomi Kiingereza hata neno, anasimama pembeni ya muuza gazeti, anaangalia, anaelewa nani anamubeba nani mgongoni. Amwachie kidogo penseli ya kufutafuta, ashike wino, wino unafundisha kuamua.

Halafu tablo. Huyu huyu wa vikatuni alimupaka Ogedengbe wa Ilesha, jemadari wa ile vita ndefu ya Wayoruba yenye ilianza 1877, na 1957 alipaka sura ya J. D. Akeredolu, ndugu wa Owo, yule aliyeanzisha kuchonga vi-sanamu kwa miiba ya mti, mtu mzima na jembe lake ndani ya mwiba wenye unaenea mu vidole viwili. Mkono wenye ulikuwa unachokoza wakubwa asubuhi ulikuwa unakaa kwa upole mbele ya fundi mwenzake. Hapo mimi njo ninamupenda zaidi, na hapo ninakumbuka Tshibumba Kanda Matulu wa kwetu, mwenye alipaka historia ya Kongo nzima na Lumumba ndani, wakati ba wenzake hapa mjini walikuwa wanapaka juu ya kitambaa cha mfuko wa unga, ukikaribia unaona nyuzi chini ya rangi.

Kitu kimoja nisimufiche mutoto. Lash alikuwa mtu wa Zik, mwenye alikuwa Mwigbo; ingawa Lash mwenyewe ni Myoruba, alimuchora Awolowo, mkubwa wa Wayoruba wenzake na mpinzani wa Zik mu politiki, bila huruma. Kuna wanaosema ni ujasiri wa kukataa ukabila, miye pia naona hivyo, ila kalamu yake ilikuwa na chama na mchoraji kijana lazima ajiulize mapema yake iko ya nani.

Kazi ilimulisha? Ndiyo, ila si kikatuni peke yake: alichora vitabu, alipaka sura za bantu, kisha akafundisha Nsukka, mu chuo kikuu chenye kilifunguliwa 1960. Mwambie baba yake hivyo, kwa heshima, jioni akiisha kula. Na shule ya Beaux-Arts iko hapa hapa Lubumbashi tangu 1951, mutoto hana haja ya kungoja meli.

Kwa prefe, aende aombe musamaha, juu yule ni mzazi pia na masikio ya sungura yalikuwa ya kumuchekesha darasa, hayakusema kitu. Yule polisi wa rulaji ni mambo ingine. Achore tena kwa wino, bila kijivu, umutume alete pa gazeti, tunataka kuuona ule mkono.