Gari la umeme la okazioni (lililotumika): lipia betri, usilipie cheti

Watu wanaonisimamisha mjini kuhusu gari langu huanza na bei. "Mama, walikuachia kwa ngapi?" Wanaouliza betri imebaki na nguvu kiasi gani ni wachache, na hilo ndilo swali linalozaa bei yenyewe. Langu ni Nissan Leaf ya 2018, betri ya kWh 40 (kWh ndicho kipimo cha umeme unaoingia betrini). Lilitoka Japani, likapita Dar es Salaam na Zambia, likaingilia mpakani Kasumbalesa, nami nikalinunua hapa hapa Lubumbashi kwenye yadi. Muuzaji alianza na dola 12,500. Tukamalizia 10,700. Niwaeleze zile 1,800 zilivyotoka, maana hazikutoka kwa kubembeleza.

Silaha yake ya kwanza ilikuwa cheti. "Hili ni sertifie, mama. Limekaguliwa na kampuni yenyewe." Karatasi ilikuwa halali, sina neno juu yake. Huko Japani, Ulaya au Marekani, muuzaji rasmi wa kampuni huchukua gari lililotumika, hulikagua, hurekebisha kasoro, kisha huliuza na dhamana juu. Mnunuzi wa kule analipa zaidi kwa ajili ya hiyo dhamana: kitu kikiharibika, anajua mlango wa kugonga. Kwa betri ya Leaf ya kWh 40, dhamana ya Japani ni miaka 8 au km 160,000, uwezo ukishuka chini ya vibao 9 kati ya 12 vya kwenye dashibodi. Gari la 2018 linafika mwisho wa miaka hiyo 2026. Na hata ingebaki mingi, nani atalipakia gari kwenye lori hadi bandarini kwenda kudai betri?

Nikamwuliza tu: "Patron, hii dhamana nitaidai wapi hapa mjini, Kamalondo au Katuba?" Akacheka, akashusha 300.

Sisemi cheti ukitupe. Linganisha namba ya shasi iliyoandikwa humo na ile iliyo kwenye gari, kisha tazama kilomita za siku ya ukaguzi na za leo. Kama za leo ni chache kuliko za wakati ule, aga uende zako. Lakini hiyo ni habari ya siku moja tu ya zamani, mbali na hapa. Ulipie kama habari.

Sasa betri. Leaf ya aina hii haina maji ya kupoza betri kama magari mengine mengi ya umeme, kwa hiyo joto huila. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, Marekani, walilalamika kwamba betri zao zinapungua upesi, na sababu ilikuwa jua la kule. Ndiyo maana nauliza gari lilikoishi kabla sijauliza rangi. Lililokaa Dubai na lililokaa kaskazini mwa Japani si ndugu, hata kama yametoka kiwandani siku moja. Sisi huku juu, kwenye mita kama 1,200, tuna afadhali: Oktoba yetu ni kali, lakini usiku unapoa.

Kwenye dashibodi, pembeni mwa kipimo cha chaji, kuna vibao vidogo 12 vya uwezo wa betri. Muuzaji atakuonyesha vyote 12 kwa fahari. Kibao cha kwanza huondoka betri ikiwa imeshapoteza kama asilimia 15, kwa hiyo vibao 12 vinaweza kuwa betri mpya au betri iliyochoka kwa asilimia 14. Na kwenye Leaf za zamani za kWh 24, wako mafundi waliokuwa wakifuta kumbukumbu ya kompyuta ili vibao vyote virudi, betri ikiwa ile ile.

Nilikwenda na kifaa kidogo cha OBD, kinachosoma kompyuta ya gari kwa Bluetooth, na programu ya LeafSpy kwenye simu. Unakichomeka chini ya usukani, unawasha gari, unasoma mstari ulioandikwa SOH, yaani afya ya betri ikilinganishwa na mpya. Langu lilisoma asilimia 83. Muuzaji akasema simu yangu ndiyo mbovu. Basi, nikamwambia, twende barabarani.

Tulitoka na kijana wake kuelekea Kasumbalesa, nikafuta kilomita za safari na wastani wa matumizi kabla ya kuondoka. Chaji ilikuwa asilimia 88. Tulipogeuza na kurudi yadini tulikuwa tumeenda km 36, wastani km 7.2 kwa kila kWh, chaji imebaki asilimia 71. Gawanya 36 kwa 7.2: tumetumia kWh 5. Hizo kWh 5 ni asilimia 17 ya betri, kwa hiyo betri nzima inatoa kama kWh 29. Likiwa jipya, gari hili hukupa kama 36 kati ya zile 40. Hesabu inarudi kwenye asilimia 82, jirani kabisa na ile ya simu mbovu. Niliifanyia mbele yake, nyuma ya bahasha, kijana wake akihakikisha kwa kikokotoo. Baada ya hapo hatukubishana tena juu ya betri, tulibishana juu ya pesa tu.

Ile namba kubwa ya kilomita zilizobaki wanayopenda kukuonyesha iache. Gari hukisia kutokana na jinsi lilivyoendeshwa karibuni. Kijana akilizungusha polepole yadini, inapanda.

Alijaribu pia la mafuta: "Mama, hutanunua tena esansi." Kweli, lakini akiba hiyo inatoka mfukoni mwangu, haiwezi kuwa sehemu ya bei yake. Kisha la kobalti, kwamba betri hizi zimetoka ardhini kwetu. Kongo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, kila mtoto wa Katanga anajua, ila sijawahi kuona bei iliyopungua kwa sababu hiyo.

Sehemu iliyobaki ya punguzo ilitoka kwenye umeme wa nyumbani. Kabla ya kurudi kwa muuzaji nilimwita fundi. Soketi ya kawaida, ampea 10 kwa volti 220, inatoa kama kW 2.2, na kidogo kinapotea njiani. SNEL, shirika letu la umeme, ikikuachia umeme usiku kwa muda wa saa sita kabla ya delestaji (kukatwa kwa mgao), betri inapata kWh 11 au 12, yaani karibu km 75. Kwa mtu wa mtaa wa Golf anayefanya kazi katikati ya mji inatosha na kubaki. Kwa anayekwenda Likasi na kurudi, km kama 240, gari hili si lake.

Nyumba nyingi hapa hazina waya wa ardhi, na kebo nyingi za kuchajia hukataa kufanya kazi bila huo. Jioni volti nazo zinaanguka. Fundi alipiga hesabu: fimbo ya shaba ardhini, laini ya peke yake yenye disjonkta (swichi ya kukata umeme) yake, na regilateri ya kutuliza volti. Kebo iliyokuja na gari ilikuwa ya Kijapani, ya volti 200, plagi yake haiingii kwenye ukuta wetu; nikamtaka muuzaji anipe ya volti 220 hadi 240 au akate bei yake. Akakata.

Magari ya Kichina yanayoingia sasa yana usukani kushoto, jambo jema kwa barabara zetu, na mengi betri zake hazina kobalti. Lakini washa skrini kwanza uone lugha, na tazama tundu la chaji: kama ni la GB/T, yaani la mtindo wa Kichina, kebo yake iwepo mezani kabla ya kutaja pesa.

Karatasi ni zile zile za kila gari: malipo ya DGDA (forodha), karte roze (kadi ya gari), namba ya shasi kila mahali iwe moja. Kwenye mkataba tuliandika kilomita, SOH ya siku hiyo, na kwamba dola 800 zinabaki kwangu mpaka gari lichaji nyumbani kwangu usiku kucha. Muuzaji aliyeijua betri yake alikubali. Jirani yangu alikwenda kwa mwingine, akakataliwa sharti hilo, akaondoka, ndivyo ningefanya.

Na kama kuna komisionere (dalali) kati yenu, mkubaliane nani anamlipa kabla hajaanza kuwasemea wote wawili.