Maswali na Majibu: Kioo cha Saragarhi

Wiki hii wengi mmeuliza juu ya Saragarhi, ile ngome ndogo ya milima ya Samana, leo ndani ya Pakistan, ambako Makalasinga 21 wa Kikosi cha 36 cha jeshi la Waingereza la India waliuawa wote tarehe 12 Septemba 1897.

Kalasinga si Baniani mwenye kilemba tu?

Siyo. Ana dini yake, na swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Wala si kila Singh ni Kalasinga.

Ni kweli maadui walikuwa 10,000?

Idadi hiyo hutajwa sana, na kila msimulizi huongeza ya kwake. Nyie wapenda hesabu, mbona hamuulizi washambuliaji wenyewe, Waorakzai na Waafridi, makabila ya Kipashtuni, walifuata nini pale? Mwaka 1893 Waingereza walipitisha mpaka wa Durand, kati ya India yao na Afghanistan, katikati ya nchi ya Wapashtuni. Watu walikuwa kwao. Kulisema hilo hakumpunguzii Havildar (yaani sajini) Ishar Singh, aliyewaongoza wale 21, chochote.

Kwa nini hawakukimbia?

Ngome mbili kubwa za Waingereza, Lockhart na Gulistan, hazikuonana. Saragarhi, iliyo katikati, ilipokezana habari zao kwa heliografu: kioo juu ya miguu mitatu, kinachonasa jua na kulimulika kwa alama za Morse. Ikiachwa, ngome mbili hazisemezani. Tangu asubuhi Gurmukh Singh, mpiga kioo wa Saragarhi, alimmulikia mkuu wa kikosi, Kanali Haughton, aliyekuwa Lockhart, kila kilichotokea. Washambuliaji wakachimba chini ya kona ya ukuta ambayo bunduki za ndani hazikuifikia. Wa Gulistan waliwaona, lakini onyo lao halikuonekana. Ukuta ukabomoka. Gurmukh Singh akaomba ruhusa ya kufunga kioo, akapewa, akakikunja, akashika bunduki. Wengine husifia mapigano. Mimi hiyo ruhusa ndiyo hainitoki.

Mbona hawakupewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu ya ushujaa ya Waingereza?

Askari wa Kihindi hawakufunguliwa mlango huo hadi 1911. Wote 21 walipewa Indian Order of Merit, nishani ya juu kabisa waliyoweza kuipata. Lakini inasimuliwa kwamba ngomeni alikuwamo pia mtumishi, kwa jina Dad, akafa nao. Hakuwa askari, kwa hiyo hakupata kitu. Mnaoandika 21 kila mwaka, hesabuni tena.

UNESCO imeiweka kwenye vita vinane vya kishujaa zaidi duniani?

UNESCO haipangi vita kwa ushujaa. Ujumbe huo ukikuingilia tena kwenye simu, ufute.